Fahamu: Mpaka wa Sirari ulipofungwa, nani alibeba hasara ya safari?

Nyumbu huvuka kutoka Serengeti kwenda Maasai Mara bila kuulizwa pasipoti. Mtalii hawezi. Tangu njia ya mpakani ya Bologonja, kati ya hifadhi hizo mbili, ilipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, magari ya watalii hayakatizi tena hapo. Yanazungukia Sirari, Tarime, daraja la Kirumi, Kiabakari na Bunda hadi lango la Ndabaka.

Mei 16, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufunga mpaka wa Kenya na Tanzania kwa sababu ya korona. Malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita, madereva wakipimwa, abiria hawakuruhusiwa. Siku mbili baadaye Tanzania ikafungua anga lake. Ungeweza kutua Kilimanjaro, lakini si kuingia kwa gari kutoka Isebania, upande wa Kenya wa mpaka wa Sirari.

Hapo ndipo wasafiri wengi huumia. Safari moja ina mikataba kadhaa: ndege, hoteli, gari, ada za hifadhi. Shirika likifuta ndege, una haki ya kudai nauli yako. Lakini ndege ikiruka kama kawaida nawe umekwama mpakani, mara nyingi huhesabiwa umeichelewa mwenyewe. Ni uonevu, ila ndivyo mikataba mingi ilivyoandikwa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi: mpaka ukifungwa, nitarudishiwa fedha au nitasogezewa tarehe? Na tarehe hiyo mpya, bei itabaki ileile?