Kijiko Kimoja cha Kahawa kwa Shilingi 80

Kwa muda wa majuma matatu sasa nyumba yangu imekuwa ikinukia kahawa tangu alfajiri. Majirani wameshangaa, maana katika mtaa wetu, kama ilivyo katika mitaa mingi ya Nairobi, harufu ya asubuhi ni ya chai ya maziwa na mandazi. Sababu ni mashine ndogo ya umeme, ukubwa wake kama redio ya mezani, ambayo mpwa wangu aliniachia aliporudi kazini ng'ambo. Mashine hii haitaki kahawa ya mkebe wala ya mfuko. Hulishwa vikopo vidogo vya alumini, kila kimoja na unga wa kikombe kimoja tu, ambavyo wenye navyo huviita kapsuli. Unatia maji, unatia kikopo, unabonyeza kitufe, na kabla hujamaliza kufunga viatu kahawa iko tayari.

Basi nikaamua kujaribu vikopo vya kila aina nilivyoweza kupata mjini, vya bei ya juu na vya bei ya chini, nione kama kweli vina tofauti au ni rangi za nje tu. Nilipata aina 11. Pengine msomaji atauliza mambo haya yanamhusu nini, naye ni mtu wa chai. Yanamhusu, kwa kuwa ndani ya baadhi ya vikopo hivyo mna kahawa iliyochumwa kwetu, na safari yake mpaka kufika humo inafaa kujulikana.

MKE ALIMTANIA

Mbinu yenyewe ilitoka Uswisi. Eric Favre alikuwa mhandisi katika kampuni ya Nestlé, na mkewe, mwenye asili ya Italia, alikuwa akimtania kwamba Waswisi hawajui kahawa. Mwaka 1975 wakaenda Roma kutafuta siri ya kahawa nzuri. Favre mwenyewe ameeleza kwamba karibu na jengo la kale la Pantheon aliona watu wamejaa katika mkahawa mmoja ilhali mingine haina watu. Alipochungulia akaona mpika kahawa wa pale akisukuma mkono wa mashine mara kadhaa badala ya mara moja. Hewa ilikuwa ikiingia pamoja na maji, na hewa hiyo ndiyo iliyoleta povu na ladha. Mwaka 1976 akawa amekwisha kubuni kikopo chake.

Hata hivyo bidhaa hiyo haikuingia sokoni mpaka mwaka 1986, chini ya jina la Nespresso, na mwanzoni haikuuzika sana. Ilikusudiwa maofisi. Ilipoelekezwa majumbani ndipo ilipovuma. Marekani nako John Sylvan na Peter Dragone walianzisha kampuni ya Keurig mwaka 1992, wakatengeneza vikopo vyao vya plastiki, vikubwa kidogo, na mwaka 1998 mashine zao zikaanza kuingia maofisini. Waholanzi walikuja na Senseo mwaka 2001, ambayo haina kikopo bali kifuko laini cha karatasi. Mashine ya mmoja haikubali cha mwenzake, kwa hiyo anayetaka kununua na aulize kwanza. Mashine niliyoachiwa ni ya jamii ya Uswisi, na hataza za kwanza za jamii hiyo zilipokwisha muda, kiasi cha mwaka 2012, wengine wengi wakaanza kutengeneza vikopo vinavyoingia humo. Ndiyo sababu madukani sasa mna majina mengi hivi.

Sifa moja ya vikopo hivi ni ya haki. Kahawa ikisha kusagwa hupoteza harufu yake upesi, mara tu inapokutana na hewa. Ndani ya kikopo kilichozibwa hewa haiingii mpaka dakika ile sindano ya mashine inapokitoboa na maji ya moto kusukumwa kwa nguvu kupita kwenye unga. Kwa hiyo kikombe cha mwisho cha boksi kina harufu ileile ya kikombe cha kwanza. Mkebe wa kahawa uliokaa kabatini mwangu tangu mwaka jana hauwezi kujisifu hivyo.

NILIVYOONJA

Vikopo vingi vina namba ya ukali. Nilianza na kile chenye namba kubwa kuliko vyote, cheusi tititi, cha mtindo wa Italia. Povu lake lilikuwa zuri, la rangi ya asali, lakini ukali niliouonja ulikuwa wa moto zaidi kuliko wa kahawa: ilikaangwa sana. Aina mbili nyingine za namna hiyo zilikuwa na robusta ndani yake, kahawa ambayo jirani zetu wa Uganda huilima kwa wingi. Robusta huleta povu na uchungu, na kafeini yake ni nyingi. Anayependa kuamshwa kwa kofi atafurahi.

Chenye vanila kilinipa kitu kama peremende iliyoyeyuka. Watoto wa jirani walisifu harufu yake, nami nikawaachia sifa hizo. Kile kilichoondolewa kafeini nilikinywa saa tatu usiku nikalala vizuri, lakini ladha ilikuwa ya maji yaliyosuuzia sufuria. Cha bei ya chini kabisa, cha plastiki, hakikutoboka sawasawa; maji yalitafuta njia ya pembeni, yakajaza sahani na kuacha kikombe kitupu. Kilichonifurahisha zaidi kati ya vya kigeni ni cha Ethiopia, kilichokaangwa kidogo tu, chenye harufu ya maua.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna namba ya kikopo inayoliambia. Jumapili moja tulitembelewa na wageni watano. Mashine ilipomaliza kumpikia wa tano, wa kwanza alikwisha kunywa na kusahau. Nilikumbuka Mombasa, jioni, muuza kahawa na dele lake la shaba juu ya makaa, kahawa chungu iliyotiwa tangawizi na iliki, na vile vikombe vidogo visivyo na mkono akivigonganisha mpaka watu wakamsikia. Pale hakuna anayekunywa peke yake. Mmoja analipia wawili, mwingine ana kashata, habari za bandarini zinapita kutoka mdomo hadi mdomo. Waethiopia nao huikaanga kahawa mbele ya wageni na kuimimina mara tatu, na anayeondoka baada ya kikombe cha kwanza huonekana hana adabu. Kikopo ni cha mtu mmoja mwenye haraka. Simlaumu mtu huyo, kwa maana mimi mwenyewe ndiye huyo kila Jumatatu.

KIKOPO CHA KENYA

Cha 11 nilikiweka mwisho kwa makusudi. Kiliandikwa jina la nchi yetu, na nyuma, kwa herufi ndogo, kwamba kahawa ilikaangwa na kufungwa Ulaya. Bei yake ilikuwa shilingi 80 kwa kikopo kimoja. Sikukinywa Nairobi. Nilifunga mashine katika boksi nikaipeleka Mathira, Nyeri, kwa mama yangu.

Mama amelima kahawa kwa zaidi ya miaka 50. Sisi watoto likizo zetu za Desemba ziliishia shambani, vikapu kiunoni, na jioni tukaketi kiwandani kuchagua buni nyekundu na kutupa mbichi kabla karani wa mizani hajaita jina letu. Bei ilipopanda sana mwaka 1976 na 1977, baada ya baridi kuunguza mibuni ya Brazil mwezi wa Julai 1975, ndipo nyumba ya mama ilipoezekwa mabati mapya na karo ikalipwa bila kuomba mtu. Anajua mibuni ya SL28 na SL34, iliyochaguliwa katika maabara za Scott kule Kabete miaka ya 1930, kama mtu ajuavyo watoto wake. Lakini kinywaji cha nyumba hiyo kilikuwa chai, na mpaka leo ni chai. Kahawa ilikuwa ya kuuza.

Nikampikia. Alinywa bila sukari, kwa heshima yangu nadhani, akakaa kimya, akanywa tena.

"Ina uchachu wa ndimu," alisema. "Si mbaya. Hii ni daraja gani?"

Kikopo hakikusema daraja. Akataka kuona kilichomo. Nikachukua kisu nikapasua kimoja kipya, nikamwaga unga katika kisahani. Akausambaza kwa kidole.

"Hiki ni kijiko kimoja tu, mwanangu. Umekinunua pesa ngapi?"

Nilipomwambia hakupiga kelele. Aliwahi kuwa katika kamati ya chama cha ushirika kwa miaka mingi, kwa hiyo aliitisha karatasi na kalamu. Hesabu yake ndiyo hii, nami niliirudia mara mbili. Kilo 7 hivi za buni nyekundu hutoa kilo 1 ya kahawa safi iliyo tayari kuuzwa nje. Ikikaangwa hupungua, zikabaki kama gramu 830. Kikopo kimoja hubeba gramu 5 au kupita kidogo. Hivyo kilo ile moja inajaza vikopo 160, ambavyo kwa bei niliyolipa ni shilingi 12,800. Tuseme chama kimelipa mkulima shilingi 100 kwa kila kilo ya buni, na katika miaka ya karibuni vyama vilivyopita kiwango hicho vimetajwa magazetini kwa sifa. Mkulima amepata shilingi 700.

Mama aliitazama karatasi. "Kumbe tungepanda vikopo," akasema, kisha akaenda kutazama ng'ombe.

Ni haki kusema kwamba kati ya 700 na 12,800 wako wengi. Kuna kiwanda cha kumenya, kinu cha kukoboa, madalali wa mnada wa Nairobi, meli, mkaangaji, alumini, matangazo, duka na kodi. Kila mmoja ana mdomo. Lakini kukaanga na kufunga ni kazi inayoweza kufanywa mahali popote penye umeme na watu wenye akili, na hapo ndipo thamani kubwa inapoongezwa. Wako Wakenya walioliona jambo hili. Margaret Nyamumbo, aliyelelewa katika familia ya wakulima wa kahawa, alianzisha huko Marekani kampuni ya Kahawa 1893, akaipa mwaka ambao wamisionari walipanda mibuni ya kwanza ya nchi yetu kule Bura, Taita. Huuza kahawa ya mifuko na ya vikopo vya kikombe kimoja, na mnunuzi anaweza kumtumia mkulima bahashishi kwa kutumia simu.

Kuna pia habari ya takataka. Baada ya majuma matatu nilikuwa na ndoo iliyojaa vikopo vitupu, na mchukua taka wa mtaani, ambaye hununua chuma na chupa, alivikataa kwa sababu vimejaa masimbi. Mji wa Hamburg, Ujerumani, ulikataza mwaka 2016 vikopo kama hivi kununuliwa kwa fedha za umma katika majengo yake. Sylvan mwenyewe, aliyevianzisha Marekani, alisema mwaka 2015 kwamba hana mashine hiyo nyumbani kwake na kwamba wakati mwingine hujisikia vibaya kwa kuibuni.

Mpwa wangu ameniletea dawa ya mambo mawili kwa pamoja: kikopo cha chuma kisichoshika kutu, chenye kifuniko, ambacho hujazwa tena na tena. Siku hizi nanunua kahawa ya Nyeri iliyokaangwa hapa nchini, naisaga laini, lakini si laini kama unga wa ngano, la sivyo maji hayapiti. Natia kijiko kimoja, nashindilia kidogo kwa kidole gumba, nafunika. Povu lake ni jembamba kuliko la kikopo cha shilingi 80, na mara moja moja hutoa masimbi katika kikombe. Masimbi hayo huyamwaga kwenye mboga nyuma ya nyumba.