Mkoba usikuloweshe mgongo

Anayepanda milima ya Aberdare kutoka upande wa Kangema hulowa jasho mgongoni kwa kuwa mkoba huzuia hewa. Chini, hilo ni kero tu. Juu, karibu mita 4,000, penye ukungu na upepo, shati lililolowa hupoteza joto la mwili haraka. Mtu hutetemeka, ulimi huwa mzito, kisha akili huchanganyikiwa. Hiyo ni hatari kwa maisha.

Nunua mkoba wenye wavu uliokazwa, unaoacha nafasi ya hewa mgongoni, na mshipi wa kiunoni wa kubeba uzito. Vitu vizito viweke karibu na mgongo. Lakini mkoba hupunguza jasho, hauliondoi. Beba shati kavu la sufu, ulivae mara unapopumzika.