Fit ya Guangzhou na Fit ya Shika Adabu

Fungua mlango wa mbele wa Honda Fit, inama, uelekeze mkono chini ya kiti cha dereva. Hapo, chini ya zulia na bati, ndipo lilipo tangi la petroli. Magari mengi madogo hulibeba nyuma, chini ya abiria. Wahandisi wa Honda walipolisogeza mbele, sakafu ya nyuma ikabaki wazi: kiti cha nyuma hulala kikawa sawa na buti, au kikalio chake huinuliwa kikasimama wima, ukapakia mche wa mnazi bila kuulaza. Gari lina urefu usiofika mita 4, na ndani linameza mzigo wa duka zima. Kwa mtu wa Shika Adabu, huku Likoni, anayevuka feri na bidhaa zake kila alfajiri, hilo latosha kueleza kwa nini analitaka.

Fit ilizinduliwa Japani mwezi wa Juni 2001. Mwaka uliofuata ikawa gari lililouzwa zaidi nchini humo, ikaipokonya Toyota Corolla nafasi iliyoishika kwa miaka 33. China ikafuatia. Kufikia 2004 ilikuwa ikiundwa Guangzhou, katika kiwanda cha ubia kati ya Honda na kampuni ya huko, na Wachina wakaipa jina la Feidu. Mwaka 2005 kiwanda kingine cha Honda katika mji huohuo kikaanza kuipeleka Ulaya kwa jina la Jazz, wakati ambapo ni wachache waliodhani Mjerumani angenunua gari lililoundwa China. Toleo la tatu lilipoingia China 2014 likiwa na injini ya lita 1.5, vijana walilishika kwelikweli. Hata leo hulitaja kwa msimbo wake, GK5, na kulifanyia marekebisho ya mashindano.

Hizo za Guangzhou haziji kwetu. China huendesha kulia, kwa hiyo usukani uko kushoto, na Kenya haisajili gari la aina hiyo kwa matumizi ya kawaida. Zetu hutoka Japani, mitumba, na kiwango cha KS 1515 huzuia gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Sheria hiyo ndiyo iliyopanga Fit zilivyofuatana kushuka bandarini Kilindini. Toleo la kwanza, lililouzwa Japani hadi 2007, lilifungiwa mlango mwisho wa 2014. La pili, lililouzwa hadi 2013, lilifungiwa mwisho wa 2020. Yaliyokwisha kuingia yangali barabarani, na kosa kubwa la wanunuzi ni kuyaona yote gari moja.

Tofauti iko kwenye giaboksi. Toleo la kwanza, GD1, halina gia za kuhesabu. Lina mkanda wa chuma unaozunguka baina ya puli 2 zinazotanuka na kusinyaa, pamoja na klachi ya kuondokea. Mafuta ya giaboksi yakichakaa, gari hutetemeka likianza kwenda, nasi tunakimbilia kubadilisha injini bure. Mafuta yake ni HMMF. Ukimimina ATF ya kawaida, umeanza kuiua. Kumbuka pia kwamba injini yake ya 1.3 ina plagi 8, si 4. Zile za nyuma zimejificha karibu na ukuta wa kabini, na gari nyingi hutoka gereji zikiwa zimebadilishwa za mbele tu.

GE6, toleo la pili, lilibaki na mkanda lakini likapewa konveta, yaani feni zinazosukumana ndani ya mafuta, hivyo huondoka taratibu. Hili ndilo ningemshauri mtu wa foleni. GK3, la tatu lisilo na betri kubwa, linafanana nalo ila mafuta yake ni HCF-2. Ndugu yake GP5, la petroli na umeme, ni kiumbe kingine kabisa: gia 7 na klachi 2 kavu. Japani liliitwa kiwandani kurekebishwa mara 5 katika mwaka wake wa kwanza hivi, hata wakuu wa Honda wakakatwa mishahara. Klachi kavu haipendi kutambaa. Foleni ya feri ya Likoni, hatua moja kisha breki, halafu mteremko wa kushukia na mlima wa kupandia ng'ambo, huipasha moto mpaka onyo la joto la giaboksi likawaka. Likiwaka, simama kabisa, usilishikilie gari mlimani kwa mafuta.

Lakini giaboksi ikifa hupoteza pesa. Kuna kitu kinachopoteza roho. Matoleo mawili ya kwanza yamo katika magari yaliyofungwa mifuko ya hewa ya Takata. Ndani ya mfuko mna kikopo cha chuma chenye nitrati ya amonia, na kemikali hiyo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka. Ikifyatuka, hulipuka kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Mwaka 2014 mwanamke mjamzito alikufa hivyo huko Malaysia ndani ya Honda City, gari la ukoo mmoja na Fit. Malaysia ina hewa kama ya pwani yetu, joto na jasho mwaka mzima.

Barua za kuyaita magari hayo yarekebishwe zilipelekwa kwa wenyewe kule Japani. Gari likishauzwa mnadani na kuvuka bahari, barua haimfuati mwenye gari Likoni. Hata hivyo Honda Japani huonyesha mtandaoni, kwa namba ya chesisi, kama gari lilihitaji kurekebishwa na kama kazi hiyo ilifanywa. Namba huanza na msimbo, GD1 au GE6, kisha kistari na tarakimu 7. Huhitaji hata kufungua boneti: imo kwenye logibuku.