Ng'ombe Akirudi Joto, Usikimbilie Kumuuza

Kuanzia Bombambili hadi Peramiho, huku Songea, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa akiona mtamba amerudi joto baada ya kuhimilishwa, hulaumu mbegu au humwita ng'ombe tasa. Lishe duni, kukosea muda wa kuhimilisha na magonjwa ya bakteria ni sababu za kweli. Lakini wapo pia virusi, ambavyo huweza kuua kiinitete kabla mimba haijapimika.

Wiki ya kwanza kiinitete kina kinga yake: ganda laini liitwalo zona pelusida. Virusi vya BVD, ugonjwa wa kuhara wa ng'ombe, havilipenyi likiwa zima. Ndiyo maana wataalamu wa kuhamisha viinitete hukiosha kila kimoja mara 10 kabla ya kukipandikiza. Virusi vya IBR, ugonjwa wa njia ya hewa wa ng'ombe, hung'ang'ania ganda hilo, hivyo huongezwa kimeng'enya cha tripsini ili kuvibandua.

Kufikia siku ya 9 au 10, kiinitete hupasua ganda na kutoka. Tangu hapo hakina ngao dhidi ya virusi vilivyomo kwenye mfuko wa uzazi. Baadaye hurefuka kama uzi, na kwenye siku ya 16 hivi hutoa kwa wingi protini ya intaferoni-tau, inayomzuia mama kurudi joto. Kikifa kabla ya hapo, mama hurudi joto karibu na siku ya 21, kana kwamba hakushika mimba kabisa. Kikifa baadaye, hurudi kwa kuchelewa, pengine siku ya 30 au 40.

Mama naye hushambuliwa. IBR huweza kuharibu ovari, projesteroni inayotunza mimba ikapungua. Na BVD ikimfikia ndama tumboni kati ya siku ya 40 na 125 hivi, akinusurika anaweza kuzaliwa na virusi atakavyobaki navyo maisha yote. Huyo huvimwaga bandani kwa mate, makamasi na kinyesi, na kuwaambukiza majike yanayosubiri kushika mimba.

BVD si ugonjwa wa ughaibuni tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulikuta kingamwili zake kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo wa kaskazini mwa Tanzania.

Kwa hiyo andika tarehe ya kila uhimilishaji na ya kila joto. Pengo kati ya tarehe hizo humwonyesha daktari pa kuanzia. Ng'ombe mgeni atengwe kwa wiki 3 au 4 na apimwe. Dume la kuazima pia lipimwe, maana BVD hupita kwenye shahawa. Ng'ombe kadhaa wakirudi joto, mwite daktari wa mifugo achukue damu. Wakala wa Maabara ya Veterinari una kituo Iringa. Ukimuuza mmoja bila kupima, huenda mwenye virusi amebaki bandani, na mimba zijazo zitapotea vilevile.