Kupigana Waterloo Kabla Jua Halijazama

Mapigano ya Waterloo yalianza kabla ya adhuhuri tarehe 18 Juni 1815, na giza lilipoingia jeshi la Napoleon lilikuwa limeshatimua mbio. Wanaoyarudia mezani kwa sanamu ndogo za askari wanaweza kumaliza wikendi nzima na Waprusi, maadui wa Napoleon, bado hawajafika uwanjani.

Kinachowachelewesha ni hesabu. Chukua kikosi kimoja cha Wafaransa kinachofyatua risasi. Mchezaji anapima umbali kwa futi, anahesabu sanamu zinazoweza kulenga, anapunguza kidogo kwa kuwa adui amejikinga nyuma ya ukuta, anarusha dadu, anatafuta jibu kwenye jedwali. Halafu linakuja suala la ari: waliopigwa watasimama au watakimbia? Dadu tena, jedwali jingine. Hapo kikosi kimoja tu ndicho kimemaliza, na wengine wanasubiri zamu.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Luteni von Reisswitz wa Prussia alipotoa kanuni zake za mchezo wa vita mwaka 1824, zamu moja iliwakilisha dakika 2 za vita kwenye ramani ya kipimo cha 1:8,000, na majedwali yalikuwa kazi ya mwamuzi. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois akayatupa majedwali na dadu, mwamuzi akaamua kwa uzoefu wake wa vita. Mchezo ukaenda kasi. Lakini raia wanaocheza sebuleni watampata wapi jenerali wa kuwaamulia? Kanuni zikazidi kunenepa, hadi mwaka 1979 ukatoka Marekani mchezo wa Richard Berg, The Campaign for North Africa, unaokadiriwa kuchukua saa 1,500. Humo Waitalia wanahitaji maji ya ziada ya kuchemshia tambi!

Programu kama Carnage and Glory ya Nigel Marsh zimemrudisha mwamuzi kwa sura nyingine. Sanamu na vilima vinabaki mezani, ila kila kikosi kina namba yake. Mchezaji anataja namba ya anayepiga, ya anayepigwa na umbali; msimamizi anabofya, na kompyuta inatoa idadi ya walioanguka na kama wenzao wamesimama imara.

Kwa maoni yangu, hiyo kasi si faida kubwa kama siri. Penye karatasi, kila mtu anaona nguvu iliyobaki, kama kete za bao zilivyo wazi kwa wachezaji wote wawili. Kompyuta inaweza kutunza uchovu wa askari bila kumwambia mtu. Marshal Ney wa Ufaransa alirudia kuwatuma wapanda farasi wake kuvunja miraba ya askari wa miguu wa Waingereza pale Waterloo. Mezani, aliye na jedwali mkononi angeacha mapema. Aliyefichwa hesabu atajaribu mara moja zaidi.

Wapenda dadu wananung'unika, na hawakosei. Aliyerusha mwenyewe ana wa kumlaumu, lakini matokeo ya skrini hayana mlango wa kubishania, hata namba ikiingizwa vibaya. Tena laptopu ni moja na majenerali ni wanane, kila mmoja amekunja karatasi ya amri zake. Foleni iliyokuwa kwenye majedwali sasa iko mbele ya msimamizi, naye hajapata hata nafasi ya kunywa chai.