Wizi wa kitaaluma huanzia kwenye daftari, si kwenye marejeleo

MWANAFUNZI wa kidato cha nne akipewa dondoo kutoka riwaya teule na kutakiwa aeleze muktadha wake, habaabaiki. Hutaja msemaji, msemewa, mahali walipo na sababu ya maneno hayo kutamkwa, akajipatia alama zake nne. Amefunzwa kwamba maneno hayaokotwi njiani, yana mwenyewe.

Miaka miwili baadaye, mwanafunzi yuyo huyo, sasa akiwa chuo kikuu, huwasilisha insha ya kurasa kumi ambamo hamna msemaji hata mmoja. “Wataalamu wanasema,” huandika, kisha akaendelea na safari. Ni wataalamu gani? Walisema katika kitabu kipi, mwaka gani, ukurasa wa ngapi? Swali alilolijibu kwa wepesi katika mtihani wa Fasihi limemponyoka, ilhali ni swali lile lile kwa vazi jingine.

Vyuo vingi hulikabili tatizo hili kutoka mwisho. Mwanafunzi hupewa kijitabu kinachoeleza mahali pa kuweka nukta na mkato katika orodha ya marejeleo, na kuonywa kwamba wizi wa kitaaluma unaweza kumfukuzisha chuoni. Maonyo hayo ni ya haki. Lakini kufikia wakati wa kuandika orodha ya marejeleo, mara nyingi kosa lilikwisha kutendeka majuma kadhaa nyuma, siku mwanafunzi alipofungua kitabu maktabani, akanakili aya mbili daftarini bila alama za kunukuu wala jina la mwandishi, akakirudisha kitabu na kwenda zake. Anapolifungua daftari lake usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi, hana njia ya kujua ni sentensi zipi zilizo zake na zipi za mwenye kitabu. Zote zimeandikwa kwa mwandiko wake.

Kisa cha aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani, Karl-Theodor zu Guttenberg, ni funzo kwa wanaodhani jambo hili ni dogo. Mnamo Februari 2011, Chuo Kikuu cha Bayreuth kilimpokonya shahada yake ya uzamifu baada ya kubainika kwamba tasnifu yake ilijaa maandishi ya watu wengine yasiyotambuliwa ipasavyo. Alijitetea kwamba katika miaka mingi ya uandishi, vyanzo vyake vilimchanganyikia. Mwezi uliofuata alijiuzulu uwaziri, na mwezi Mei tume ya chuo hicho ikaamua kwamba alidanganya kwa makusudi. Utetezi wa daftari lililovurugika haukumfaa waziri. Sembuse mwanafunzi wa mwaka wa pili?

Wanafunzi wengi huamini kwamba ukibadilisha maneno machache, sentensi imekuwa yako. Chukua mfano wa kubuni. Tuseme kitabu fulani kinasema: “Wavuvi wa kijiji hicho waliacha bahari, si kwa kuwa samaki waliadimika, bali kwa kuwa watoto wao walienda shule wakakataa kurithi ngalawa.” Mwanafunzi naye anaandika: “Wavuvi wa kitongoji hicho waliiacha bahari, sio kwa sababu samaki walipungua, bali kwa sababu wana wao walienda skuli wakakataa kurithi mitumbwi.”

Hapo hakuna kilichofanyika ila kubadilisha kanzu. Mpangilio wa hoja, mizani ya sentensi, hata ile picha ya chombo kinachokataliwa na kizazi kipya, vyote ni vya mwandishi wa kwanza. Mwanafunzi aliyeelewa anachosoma angeandika kwamba, kwa maoni ya mwandishi huyo, elimu ndiyo iliyokata mnyororo wa uvuvi kutoka kizazi hadi kizazi, wala si uhaba wa samaki. Kisha angetaja jina, mwaka na ukurasa. Ndiyo, hata hapo ni lazima ataje, kwa kuwa maneno ni yake lakini wazo si lake. Hii ndiyo nukta inayowatatiza wengi, na pengine ndiyo inayostahili kipindi kizima darasani.

Njia ya kuifikia sentensi ya aina hiyo haina siri. Msomaji husoma aya hadi mwisho, akakifunga kitabu, akaandika alichokielewa, kisha akakifungua tena kuhakikisha hajapotosha. Anayeandika huku jicho moja likiwa kitabuni ananakili, apende asipende.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili kuna mtego mwingine usiozungumziwa vya kutosha. Sehemu kubwa ya nadharia wanazozitumia, ziwe za isimu au za uhakiki, huzisoma kwa Kiingereza na kuziandikia kwa Kiswahili. Kazi ya kutafsiri ni ngumu, hutoa jasho. Baada ya kuhangaika na istilahi kwa saa mbili, mwanafunzi huhisi kwamba aya aliyoipata ni matunda ya mikono yake. Tafsiri ni yake kweli, lakini hoja ni ya mwenyewe, na kuihamisha kutoka lugha moja hadi nyingine hakubadilishi umiliki, sawa na vile ng’ombe aliyevushwa mto habadilishi mwenyewe.

Isitoshe, aina hii ya wizi huweza kuzipita programu za kukagua maandishi, ambazo kazi yake hasa ni kulinganisha maneno na maneno. Ndiyo maana mwalimu hana budi kuifundisha kanuni hii yeye mwenyewe: katika daftari, nukuu iandikwe kwa lugha ya asili ndani ya alama za kunukuu, tafsiri ifuate chini yake, na katika insha ielezwe bayana kwamba tafsiri ni ya mtafiti. Faida ya pili ni kwamba msimamizi akitilia shaka istilahi fulani, ataweza kurejelea maneno ya awali.

Je, daftari zuri la utafiti lina sura gani? Watafiti wa zamani walitumia kadi ndogo za karatasi ngumu, na hadi leo mfumo huo haujapata wa kuushinda kwa kufundishia. Kadi ya kwanza hubeba habari za kitabu: mwandishi, mwaka, anwani, toleo, mchapishaji na mji. Hiyo huandikwa kabla ya kusoma neno la kwanza. Kadi zinazofuata hubeba wazo moja moja, kila moja ikiwa na jina la mwandishi na ukurasa pembeni, pamoja na alama inayoonyesha kama yaliyomo ni nukuu halisi, muhtasari, au maoni ya msomaji mwenyewe. Wengine hutumia kalamu za rangi tatu. Anayetumia simu au tarakilishi anaweza kufanya vivyo hivyo, mradi asichanganye sauti hizo tatu. Msomi wa Kijerumani Niklas Luhmann, aliyefariki mwaka 1998, aliacha kadi zipatazo 90,000; mwanafunzi wa shahada ya kwanza akipata 60 zilizopangika atakuwa amejitendea hisani kubwa.

Katika mazingira yetu, adui mkubwa wa kadi ya kwanza ni fotokopi. Kitabu kimoja hung’ang’aniwa na darasa zima, basi sura ya tatu hutolewa nakala kibandani na kusambazwa bila jalada. Mwezi mmoja baadaye hakuna anayejua ilitoka kitabu gani. Dawa yake ni shilingi chache tu: kutoa pia nakala ya ukurasa wa anwani na wa nyuma yake, ambako ndiko kunakopatikana mwaka na toleo.

Toleo si pambo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na toleo la pili likachapishwa mwaka 2004. Mwanafunzi anayesema tu kwamba “kamusi inafasili neno hili hivi” amewataja wazee wawili kwa jina moja. Vivyo hivyo kwa riwaya zilizochapishwa upya: ukurasa wa 40 wa chapa moja huenda ukawa wa 52 katika nyingine. Na hapa yafaa kuongeza neno kuhusu miongozo ya vitabu teule. Kuitumia si haramu. Lakini anayechukua hoja kutoka mwongozo na kudai ameitoa kwenye riwaya amemdhulumu mwandishi wa mwongozo, na aghalabu hugunduliwa, kwani hurithi hata makosa yake.

Wako wanaolalamika kwamba kanuni hizi ni mzigo wa Wazungu. Historia inasema vingine. Wasomi wa Kiislamu, wakiwemo wa pwani yetu, walilelewa katika elimu ya hadithi, ambamo habari hupimwa kwa isnadi yake: fulani amepokea kwa fulani, aliyepokea kwa fulani. Mlolongo ukikatika, habari hudhoofika hata kama ni tamu.

Ushairi wa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, nao ulitufikia kwa njia ya namna hiyo. Mashairi yake yalihifadhiwa vifuani mwa watu hadi pale Mwalimu Sikujua alipoyaandika kwa hati ya Kiarabu, na mmishonari William Taylor akayakusanya pamoja na maelezo kuhusu maana na matukio yaliyoyazaa. Nyaraka za Taylor zimehifadhiwa London, na William Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Profesa Mohamed Abdulaziz alipotoa utafiti wake kuhusu Muyaka mwaka 1979, alikuwa na njia ya kufuata. Lau wawili wale wa kwanza wangeandika beti pasipo kueleza zilitoka wapi na zilihusu nini, mafumbo mengi ya Muyaka yangebaki kuwa mafumbo tu. Fauka ya hayo, mashairi hayo hayamo tena chini ya ulinzi wa hakimiliki, lakini anayeyatumia bado anawajibika kumtaja mtunzi. Sheria ya hakimiliki na uaminifu wa kitaaluma ni mambo mawili tofauti.

Kuhusu mitindo yenyewe, ya APA, MLA, Chicago na mingineyo, hakuna haja ya vita. Mfumo wa kutaja jina na mwaka kwenye mabano, unaojulikana kama wa Harvard, kwa kawaida hunasibishwa na makala ya mwaka 1881 ya mtaalamu wa wanyama Edward Laurens Mark kuhusu konokono asiye na gamba. Hakuteremshiwa kutoka mbinguni. Idara huchagua mtindo wake, na mwanafunzi huufuata bila kuuchanganya na mwingine.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni majina. Shaaban Robert kwa kawaida huorodheshwa chini ya Robert, na anayemtafuta kwenye herufi S anaweza kudhani hayumo. Marehemu Ken Walibora, aliyeandika Siku Njema, alichapisha baadhi ya makala zake za kitaaluma kwa jina la Ken Walibora Waliaula. Mwanafunzi asiyejua atawafanya watu wawili.

Programu za akili unde zimeleta jaribu jipya. Tangu ChatGPT ilipozinduliwa Novemba 2022, imekuwa rahisi kuagiza insha nzima pamoja na marejeleo yake. Kasoro ni kwamba programu hizo zinaweza kubuni vitabu na makala ambazo hazijawahi kuandikwa, zikavipa waandishi na miaka ya kuaminika kabisa. Mnamo Juni 2023, mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha kesi za awali zilizobuniwa kwa njia hiyo. Kanuni ni moja: usitaje usichokisoma.

Tahadhari hiyo iwafikie walimu pia. Asilimia inayotolewa na programu ya kukagua si hukumu, kwani nukuu zilizotambuliwa vyema zinaweza kuhesabiwa pamoja na zilizoibwa. Mwanafunzi anayeshukiwa isivyo haki ana ushahidi mmoja madhubuti wa kujitetea, nao ni kadi zake zinazoonyesha safari nzima ya fikra zake.

Kwa hiyo mwalimu anayetaka mabadiliko na azisahihishe kadi kabla ya insha. Katika juma la tatu la muhula aombe kadi tano kutoka kwa kila mwanafunzi, azitolee alama, na amrudishe maktabani yule ambaye kadi zake hazina kurasa. Darasa likiwa na watu 200, wabadilishane na wakaguane. Yeye mwenyewe naye ataje vyanzo vya mihadhara yake. Mhadhiri anayesoma maandishi yaliyochakaa bila kusema aliyatoa wapi amekwisha kufundisha somo jingine, na linaeleweka haraka.

Shule za upili zinaweza kuanza mapema zaidi, kupitia fasihi simulizi. Wanafunzi hukariri mbinu za ukusanyaji, mahojiano na hojaji na kushiriki, ili wapite mtihani, na wengi humaliza shule bila kumhoji nyanya yao hata mara moja. Watumwe kijijini na mtaani wakusanye ngano moja kila mmoja. Juu ya karatasi waandike jina la msimuliaji iwapo ameridhia litajwe, umri wake, mahali, tarehe, lugha aliyoitumia, na yule aliyemsimulia yeye alipokuwa mtoto.