Dawa ya Parkinson: Jinsi ya kujua inavyofanya kazi bila kumdunga mgonjwa sindano

Na MWANDISHI WETU

MZEE anayeugua maradhi ya Parkinson huamka alfajiri akiwa amekakamaa kama gogo. Humeza tembe yake, na baada ya muda viungo hulegea, akaweza kufunga vifungo vya shati na kutembea hadi kituo cha matatu. Saa mbili asubuhi yuko mbele ya daktari. Anatembea vyema, anatabasamu, na akiulizwa hali hujibu kuwa hajambo. Asichokiona daktari ni yatakayojiri saa tano, nguvu za tembe zitakapokwisha na miguu ya mzee igande katikati ya njia kana kwamba imegundishwa ardhini.

Ugonjwa huu, ulioelezwa na tabibu wa London, James Parkinson, mwaka wa 1817, hutokana na kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kusonga bila kukwama. Dawa yake kuu ni levodopa, iliyoanza kuleta matumaini makubwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Ubongo huigeuza kuwa dopamini.

Hata hivyo, levodopa haikawii mwilini. Ijapokuwa huchanganywa na kabidopa ili isiharibike kabla ya kufika ubongoni, kiwango chake katika damu hupungua kwa nusu katika muda wa saa moja unusu hivi. Miaka ya mwanzo mgonjwa hahisi tofauti, kwa kuwa seli zilizosalia bado zinaweza kuweka akiba. Akiba hiyo ikiisha, siku yake huwa ya kupanda na kushuka kwa kufuata saa za dawa.

Hapa ndipo penye mtego. Dawa ikipungua, mgonjwa hutetemeka, hukakamaa na kuwa mzito. Ikizidi, kichwa, mabega na miguu huanza kujinyonganyonga bila hiari yake. Jamaa zake huyaita yote mawili “kutetemeka”, ilhali tiba zake zinapingana: hali moja huenda ikahitaji dozi iongezwe au isogezwe karibu, nyingine ikahitaji ipunguzwe. Mgonjwa anayesema tu kwamba hutetemeka alasiri anaweza kuongezewa dawa ile ile inayomsumbua. Wala hakuna kipimo cha kawaida cha damu kitakachomwambia daktari kwamba dozi imetosha. Jibu limo katika mwendo wa mwili wenyewe, na kazi iliyopo ni kuusoma.

Njia kongwe na rahisi ni daftari. Siku hugawanywa katika vipindi vya nusu saa, na katika kila kipindi mgonjwa huandika iwapo alikuwa amelala, amekakamaa, yuko sawa, au viungo vilikuwa vikijichezea, na kama kujichezea huko kulimkera. Saa za dawa na za chakula huandikwa pia. Chakula kina umuhimu wake, kwani protini ya nyama, maziwa au maharagwe hushindana na levodopa katika kufyonzwa mwilini. Wakati mwingine kinacholaumiwa kuwa ni udhaifu wa dawa ni sahani ya maharagwe iliyoliwa pamoja nayo. Kasoro ya daftari ni kwamba wengi husahau, kisha hulijaza lote usiku wa kuamkia kliniki.

Ndiyo sababu watafiti waligeukia vifaa. Huko Melbourne, Australia, kilitengenezwa kifaa mfano wa saa, kiitwacho Personal KinetiGraph, ambacho mgonjwa hukivaa mkononi kwa takriban siku sita. Ndani yake mna kitambuzi kinachopima kasi ya kila msogeo wa mkono. Saa ya dawa ikifika, kifaa humtikisa mgonjwa, naye hukigusa kuonyesha kwamba amemeza. Mwishowe daktari hupata mchoro unaoonyesha, siku baada ya siku, mwili ulivyoitikia kila dozi. Mnamo Januari 2023 taasisi ya NICE, inayotoa mwongozo kwa huduma ya afya ya umma Uingereza, ilipendekeza vifaa vitano vya aina hii, kwa sharti kwamba ushahidi zaidi uendelee kukusanywa.

Nchini Marekani, mradi wa mPower ulioanzishwa mwaka wa 2015 ulitumia simu. Washiriki waligonga kioo kwa vidole viwili, wakatoa sauti ndefu ya “aa” na kutembea hatua chache, kabla na baada ya kumeza dawa. La kustaajabisha zaidi ni kisanduku kilichobuniwa katika chuo cha MIT, ambacho hakivaliwi kabisa. Hukaa ndani ya nyumba kikitoa mawimbi hafifu ya redio, na kwa jinsi mawimbi yanavyorudi hupima kasi ya mtu anapotembea. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba kasi hiyo hubadilika kwa kufuata saa za dawa.

Vifaa hivi navyo vina upofu wao. Mazoezi makali ya mwili huweza kufanana na kujinyonganyonga, na saa ya mkononi haijui kwamba mtu ana huzuni, anaona mazigazi au hapati choo.

Kwa familia nyingi hapa nchini, gharama ya vifaa hivyo ni ndoto. Lakini mengi yanayopimwa yanaweza kuangaliwa nyumbani. Mgonjwa agonganishe kidole gumba na cha shahada mara kumi, kwa upana na kwa haraka awezavyo. Kisha ainuke kitini, atembee mita tatu, ageuke na kurudi kuketi, mtu akiwa karibu asije akaanguka. Jamaa wampime kwa saa kabla ya dozi yake ya kawaida, na tena baada ya saa moja. Dozi isicheleweshwe wala kurukwa kwa ajili ya jaribio hili, maana kuikatiza levodopa ghafla ni hatari. Na viungo vinapoanza kujichezea, simu yenye kamera yatosha: nusu dakika ya video, huku anayepiga akitaja saa iliyopo na saa ya dozi ya mwisho, itamwezesha daktari kutofautisha kutetemeka na kujinyonganyonga.